Bei ya Kufumua

Wete, ghorofa ya pili, ngazi za saruji zisizo kishikio.
Kibao kinasomeka AKILI, maana W imebanduka kwa mvua.
Nikaingia na mfuko wa plastiki: cheti cha ndoa,
kadi mbili za kliniki,
na tepu ya kupimia shingoni, niliyosahau kuivua.

"Bi Raya, unataka talaka, khului, au faskhi?"
Kama muuza vitambaa anayeuliza: mita ngapi?
Sikujua kwamba kutoka kuna milango mitatu,
na kila mlango una bawabu wake.

Talaka, akasema Wakili Mundhir, ni ya mume.
Huitamka ukumbini, kandambili mguuni, ikapita:
haina stempu, haina foleni,
haimgharimu hata mate ya kulambia bahasha.
Khului unainunua wewe, kwa kurudisha mahari.
Faskhi unaithibitisha:
lete mashahidi kwamba Shaame yuko Unguja
mwezi wa kumi na sita, na hajaleta hata kibaba.

Lete ushahidi wa njaa.
Njaa hutoa risiti?

Nikahesabu kwa hesabu ninayoijua.
Kuandikiwa madai: sare nane za skuli, na kola zake.
Kiapo na muhuri: sare moja, isiyo mifuko.
Hati ya wito ivuke maji hadi Unguja,
nayo haivuki bure.
Nauli ya Konde na Wete, kwenda na kurudi, mara saba,
maana kesi huahirishwa: Kadhi kafiwa,
mdaiwa hakutokea,
faili limelala katika kabati lisilo lake.
Mashahidi wana matumbo, watakunywa chai;
na Bi Mwanaisha ni mchumaji, huu ni msimu,
karafuu zake za siku hiyo nani atazifidia?
Na cherehani yangu, siku saba chini ya shuka,
haimo katika orodha ya wakili.
Haimo katika orodha ya mtu yeyote.

"Na ada yako?"
"Nusu sasa. Nusu baada ya hukumu."
"Na hukumu ikinikataa?"
"Ada ni ya kazi, si ya ushindi.
Wewe, gauni likimbana mwenyewe kwa kunenepa,
humrudishii pesa."
Nikanyamaza. Hapo alinipata.

Kisha akakikunjua cheti, akasoma kwa kidole:
mahari, laki tano na kitanda.
Zilizopokewa, laki mbili.
Kitanda, deni.
Miaka kumi na moja kitanda ni deni,
na watoto wote wawili nimewalaza
juu ya godoro la dada yangu.
"Sasa kwenye khului nirudishe nini?
Nimrudishie ahadi yake?"

Mundhir akacheka, kicheko kifupi
cha mtu aliyeona uzi unaning'inia.
"Hapa," akakigonga cheti, "ndipo tutakapoanzia kufumua."
"Kwa hiyo bei itashuka?"
"Hapana. Kesi itarefuka."

Siku yangu ya ndoa walikuja mafundi wa maneno,
kila mmoja na nasaha yake ya kushona.
Hakuna aliyenionyesha wembe.
Na fundi gani asiyejua?
Mshono huenda mbio, mguu tu na gurudumu;
kufumua kunataka macho, subira, jioni nzima,
na uzi ukishatoka wote
kitambaa hubaki na vitobo mstari mzima,
ukikiinua kwenye mwanga unaviona.

Nimelipa nusu. Sare zilizobaki nazishona usiku.

Jana kaja Zuhra, binti wa jirani, na satini nyeupe;
harusi yake baada ya mfungo.
Nikampima, nikakata,
nikaacha ukingo wa ndani vidole vitatu.
"Kitambaa chote hiki cha nini humo ndani?"
Nikamwambia: mwili hubadilika, mwanangu.

Akauliza bei ya kushona, nikamtajia.
Ya kufumua hakuuliza.